Miguu ya mpira ya kusawazisha mashine: kwa kukereza inafaa, kwa drili ya kusimama hapana

Miguu hii nimeifunga chini ya mashine ya kukereza yenye uzito wa karibu tani moja, na kwa kazi hiyo naisifu bila kusita. Kila mguu ni sahani ya chuma yenye mpira mnene chini, na bolti ya M16 (kipenyo milimita 16) inayopenya tundu la kitako cha mashine. Ukizungusha bolti, kona inapanda au inashuka kidogo kidogo, kisha unakaza nati ya juu. Vipande vya bati vya kusukumia chini ya kona ili kuiinua huvihitaji tena.

Pimamaji ya fundi ujenzi haitoshi hapa. Tumia ya mitambo, inayosoma 0.02 mm kwa mita, ilaze kukingama na reli (njia ndefu za juu ya mashine), kwanza karibu na kichwa, yaani upande unaoshika na kuzungusha chuma, halafu mwisho wa pili. Kipovu kikikaa palepale pande zote mbili, reli hazijajipinda. Mimi huhakikisha kwa kukereza: nafunga nondo nene upande wa kichwa tu, ncha ya pili ikiwa huru, napitisha kisu kikikata kidogo tu, na kupima unene wa ncha zote kwa maikromita. Zikitofautiana, nagusa miguu ya mwisho wa pili, robo mzunguko au chini yake. Mpira hubonyea ukishabeba uzito, kwa hiyo pima tena baada ya siku chache.

Wakati wa kuiingiza, usipeleke mkono chini ya mashine iliyosimama kwa jeki peke yake. Inua kidogo, sukuma gogo gumu chini, inua tena.

Nisichokubali ni maandishi ya boksi kwamba mashine yoyote "haihitaji kufungwa sakafuni". Hiyo ni hatari! Drili ya kusimama uzito wake uko juu na kitako chake ni chembamba. Chuma kikinaswa na keekee, inaweza kuvutwa ikaanguka. Drili hiyo inataka bolti za kutanuka (zinazojipanua tunduni zikikazwa) ndani ya zege lililokomaa, kwa kawaida siku 28. Toboa mbali na ukingo wa zege, vaa miwani, toa vumbi lote kwenye tundu, kisha kaza kwa kiwango alichoandika mtengenezaji wa bolti.

Kabla ya kuagiza miguu, pima unene wa kitako chako. Kwenye kitako kinene bolti zake ni fupi, na nati ya juu haipati uzi wa kutosha kushika.