Usiku mmoja Umaid Bhawan, jumba la mawe yasiyo chokaa

Mimi ni mtoto wa mwashi. Baba alikuwa akitengeneza nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, na sikumbuki siku niliyoziona kucha zake hazina chokaa. Basi niliposikia kwamba Jodhpur, India, kuna jumba la mfalme ambalo mawe yake yameshikana bila udongo wala chokaa katikati, nilitamani kulala humo hata mara moja.

Nafasi ikapatikana mwaka huu. Mama alimaliza matibabu Ahmedabad, daktari akaridhika, na tulibakiwa na siku nne kabla ya ndege. Tukapanda treni ya usiku. Umaid Bhawan tulilala usiku mmoja tu, ndio tuliouweza, tena kwa bei ya Mei, maana joto la Rajasthan, jimbo lenye mji wa Jodhpur, likipanda wageni hupungua na bei hushuka. Hata hivyo pesa ile kwetu ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Mlangoni alitupokea binti mwenye sahani ya rangi nyekundu ya kupaka kipajini na mashada ya maua. Kabla hajamgusa mama, alimuuliza. Mama akaweka mkono kifuani, rangi akaikataa kwa upole, maua akayapokea. Adabu ile ilinituliza moyo kuliko kitu chochote walichotuandalia baadaye.

Jumba lina vyumba 347, ingawa hoteli imechukua sehemu tu. Sehemu nyingine ni makumbusho, na nyingine anaishi Gaj Singh, mjukuu wa Maharaja Umaid Singh aliyelijenga. Msingi uliwekwa mwaka 1929, kazi ikaisha 1943. Ukame ulikuwa umeiandama nchi ile mwaka baada ya mwaka, na ujenzi ulikusudiwa kuwapa kazi wenye njaa. Maelfu walichonga na kubeba. Wapo wanaosema bora angewagawia nafaka kuliko kujijengea kasri. Neno hilo nimeliwaza sana, na lina uzito wake. Lakini nyumbani kwetu tulijua tofauti ya kupewa kibaba cha unga na kurudi jioni na ujira mkononi.

Sasa ukuta. Jiwe lake ni la mchanga, rangi ya asali iliyokolea, na jua likizama linakuwa kama limewashwa kwa ndani. Nilipitisha ukucha kwenye kiungo cha mawe mawili, hauingii. Mama akajaribu na wake. Akasimama kimya, kisha akasema, “Babaako angekaa hapa kutwa nzima, chakula tungemletea.” Watu wanapita na mabegi yao, sisi tumeinamia ukuta.

Ndani, chini ya kuba kubwa, sauti yako unaisikia ikikurudia. Samani za mwanzo ziliagizwa Uingereza, meli ikazamishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndipo kazi ya kupamba akapewa Stefan Norblin, mchoraji wa Poland aliyekuwa mkimbizi. Michoro yake ya Ramayana, utenzi wa kale wa Wahindu, ingali ukutani. Kilichompendeza mama zaidi ni bwawa la kuogelea lililo chini ya ardhi, lenye buruji, zile alama kumi na mbili za nyota, zimenakshiwa kwa vigae. Alizitaja moja moja kwa majina aliyofundishwa na bibi: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani... Kijana wa bwawani hakuelewa neno, lakini alitufuata akitabasamu mpaka tukazimaliza.

Chakula, agizeni ker sangri. Ni matunda madogo na maganda ya miti ya jangwani, yanakaushwa kisha yanapikwa kwa viungo na mafuta. Ndicho kilichowasetiri watu wa huko mvua ilipokatika. Kukila ndani ya nyumba ile kulinigusa.

Angalizo moja: wakala aliyetukatia nafasi alituahidi kwamba chakula cha jioni kimo ndani ya bei. Hakikuwemo. Ulizeni hotelini moja kwa moja kabla ya kulipa, na mpate jibu kwa maandishi.

Kwa nini jumba limekuwa hoteli? Mwaka 1971 serikali ya India ilifuta posho iliyokuwa ikiwalipa wafalme wa zamani, na nyumba kama hii bila kipato haisimami. Ikafunguliwa kwa wageni miaka hiyohiyo ya 1970, na tangu 2005 inaendeshwa na Taj, kampuni ya hoteli ya India. Nilipokuwa nikisoma habari hiyo, akilini nilikuwa na Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Sultan Barghash kule kwetu Unguja, la mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Sisemi kila kasri ligeuzwe hoteli ambayo mwananchi wa kawaida hawezi kuilipia, hilo linaniuma. Ila pale Jodhpur niliona fundi mmoja, ndoo na burashi mkononi, akisafisha nakshi ya dirisha saa moja asubuhi, polepole, kama anamnawisha mtoto uso. Fundi huyo analipwa mshahara kila mwezi.

Tulipokuwa tunaondoka, mama aliomba gari lisubiri. Tausi walikuwa wametanda kwenye majani. Yeye alirudi ukutani, akaweka kiganja chake kizima juu ya jiwe, akakiacha hapo mpaka dereva alipopiga honi.