Kuhamisha kanda za MiniDV kwa Linux: uzoefu wangu hapa Mtwara

MiniDV ni zile kanda ndogo za kamera za zamani, na video iliyomo ndiyo DV; Linux ni mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Kabla ya programu, nianze na waya wa kutoka kamera hadi kompyuta. Madukani kuna waya wa bei chee wenye kichwa cha FireWire (njia ambayo kamera hizo hutolea video) upande huu na USB upande ule. Usiununue, haupitishi video ya DV hata ubadilishe programu zote. Tafuta kadi ya FireWire, ichomekwe ndani ya kompyuta ya mezani. Linux itaitambua yenyewe bila kudai draiva.

Mimi ni mpiga video wa harusi na ngoma, na hela ya korosho ikiingia simu yangu haipumziki. Siku hizi wanakuja pia wanandoa wa zamani wanaotaka harusi zao zitoke kwenye kanda ziingie kwenye flashi. Hapo natumia dvgrab, programu ya Linux ya kunakili video kutoka kamera kuingia kwenye kompyuta.

Dvgrab haina dirisha wala vitufe, ni amri tu kwenye terminali, na vijana wangu waliikimbia mwanzoni. Lakini andika "dvgrab -a -t" uone. Kila pale mpiga video alipobonyeza kurekodi upya, inafungua faili jingine, na jina la faili linabeba tarehe na saa zilizomo kwenye mkanda. Mama mmoja wa Mikindani aliniletea kanda zisizo na lebo hata moja, akitaka siku ya kutoa mahari tu. Tulisoma majina ya mafaili, tukaipata. (Kama mwenye kamera hakuweka saa, shauri yako, kila kitu kitakuwa Januari mosi.)

Andaa diski. Saa moja ya DV inakula kama GB 13, na mkanda wa saa moja unanakiliwa kwa saa moja. Nenda kale ugali, urudi.

Kuhariri ni kwa programu ya Kdenlive, ya bure kabisa. Umeme ukikatika, ukifungua tena mradi inakuuliza kama urejeshe nakala iliyojihifadhi yenyewe. Kwa sisi wa huku, hapo ndipo ilipolipia nauli! Kurenda tu, yaani kutoa faili la mwisho, ndiko kunakoanza upya. Ujue pia kwamba kwenye DV kila picha ni nusu mbili za mistari inayopishana, kwa hiyo mcheza sindimba akikata kiuno, pembeni panatokea meno ya kitana. Ondoa hiyo mistari kabla ya kutoa faili la mteja.

Maandishi ndiyo udhaifu wa Kdenlive. Maharusi wanataka majina yanayometameta na kuzunguka, na kwa Kdenlive utayahangaikia mpaka usiku. Video za 4K za simu nazo zinailemea mashine yangu kuukuu, ila ukiwasha proksi unahariri nakala nyepesi, halafu faili la mwisho linatolewa kwa video halisi.

Watunzaji wa kerneli (kiini) ya Linux wamepanga kuihudumia FireWire hadi 2029. Mwenye kanda kabatini na azitoe sasa, maana kamera za kuzichezea ndizo zinazoadimika.