Shokapu za Prado 120 iliyotembea sana: ipi ununue, ipi uiache

Toyota Prado za toleo la 120 zilitengenezwa kati ya 2002 na 2009, kwa hiyo nyingi zinazouzwa leo zimeshavuka kilometa 200,000. Injini inaweza kuwa bado nzima, lakini shokapu za umbali huo zimechoka hata kama hazivuji. Ule mtindo wa kukandamiza boneti na kuangalia gari linavyodunda usiuamini sana, kwani shokapu iliyobaki na nusu ya nguvu hupita. Pitisha kiganja juu ya tairi. Ukihisi mabonde na vilima kwenye mpira, gurudumu limekuwa likirukaruka na shokapu haikulishika. Unyevu kidogo wenye vumbi karibu na fimbo hauna neno. Mafuta yakishatiririka hadi kwenye bushi ya chini (kipande cha mpira kwenye kiungo cha chini), hiyo imekwisha.

Nunua zote nne, au angalau jozi ya ekseli moja, yaani mbili za mbele au mbili za nyuma. Mpangilio wetu ni huu, kwa gari la familia linalokula lami kuliko vumbi.

1. KYB mpya za gesi (Excel-G). KYB ni mmoja wa watengenezaji wanaoiuzia Toyota shokapu za kiwandani, na kwa gari lisiloinuliwa hakuna sababu ya kwenda mbali zaidi. Tabu ni feki, na zipo nyingi, iwe unanunua Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road, Nairobi. Fungua boksi kabla ya kulipa. Namba ya kwenye boksi ifanane na iliyoandikwa kwenye shokapu yenyewe. Simamisha shokapu, sukuma fimbo hadi ndani, kisha iachie: ya gesi hutoka yenyewe taratibu, bila kukwama. Ikibaki ndani, au ikitoka kwa kusitasita, irudishe. Angalia na uchomeleaji wa jicho la chini, lile tundu la kufungia boliti. Wa kiwandani huwa sawasawa mzunguko mzima.

2. Toyota halisi. Ubora hauna ubishi, ila unalipia jina pia. Chukua hizi kama huna muuzaji wa KYB unayemwamini.

3. Old Man Emu pamoja na springi zake. Zinatoka ARB ya Australia, na ndizo za mwenye ngao ya chuma, winchi au keria iliyojaa. Springi zake huchaguliwa kwa uzito, kwa hiyo mwambie muuzaji gari limebeba nini muda wote. Ukifunga springi za mwenye winchi kwenye gari tupu, litakurusha kila tuta. Zikiinua gari kama sentimeta 5, raba za draivshafti za mbele (fimbo zinazozungusha magurudumu) hukaa kwa pembe kali zaidi na huchanika mapema. Ekseli ya nyuma nayo husogea upande kidogo, kwa sababu fito linaloishikilia limebadili pembe. Dawa ni fito linalorekebishika.

4. Bilstein. Ni za bomba moja, zinapoa haraka kwenye safari ndefu za barabara mbovu. Lakini pistoni inatembea moja kwa moja kwenye ukuta wa nje, na jiwe likibonyeza ukuta huo shokapu imekufa. Nzuri, ghali, na si lazima.

5. Mtumba wa Japani au Dubai. Unanunua uchovu wa mtu mwingine. Kama hela haitoshi, nunua mpya mbili za ekseli iliyo mbaya zaidi, nyingine zisubiri.

Zisizo na jina hatuzipi hata namba.

Kuhusu spesa za kuinua mbele: kipande cha milimita 25 juu ya shokapu huinua gari karibu milimita 50, kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya mkono unaoshika gurudumu, si kwenye gurudumu lenyewe. Shokapu iliyokufa haifufuki kwa spesa, na gurudumu likining'inia, boljointi ya juu (kiungo cha duara cha mkono wa juu) hufika mwisho wake. Kama shida yako ni urefu kidogo tu, matairi ya 265/70R17 badala ya 265/65R17 yatakupa milimita 13. Spidomita itasoma pungufu: ikionyesha 100, unakwenda kama 103.

Siku ya kufunga, fundi awe na kibana springi cha kweli. Kamba na waya zimeshavunja watu taya. Badilisha mauntingi za juu (vishikizo vya mpira vya kichwa cha shokapu) kwa wakati huo huo, maana kuzirudia ni kulipa ufundi mara mbili. Boliti zinazopita kwenye bushi zishikwe kwa mkono tu gari likiwa kwenye jeki, zikazwe mwisho magurudumu yakiwa chini. Zikikazwa yakining'inia, mpira wa bushi unabaki umejisokota na hukatika mapema. Kosa hili gereji nyingi hulifanya kila siku, kisha lawama zinakwenda kwa spea.

Prado zenye mifuko ya hewa nyuma badala ya springi ni habari nyingine. Ukikuta gari limekaa chini asubuhi, mpira wa mfuko umepasuka, na kompresa itaungua kwa kupampu bila kupumzika. Ukihamia springi za kawaida, badili na shokapu za nyuma, na ujue taa ya onyo itabaki kwenye dashibodi mpaka fundi umeme aishughulikie.

Alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) ifanywe baada ya kazi, na irudiwe baada ya kilometa 1,000 hivi kama umeweka springi mpya, kwani hushuka kidogo.