Begi la matembezi Zanzibar wakati wa kaskazi: kipi kiingie, kipi kibaki

Karibuni watazamaji. Mezani hapa kuna begi la mgongoni la lita 20 na vitu vya kubeba kwa siku moja ya matembezi Zanzibar, kati ya Desemba na Machi, asubuhi Mji Mkongwe na mchana boti ya kwenda kisiwa cha Changuu. Kipindi hicho cha kaskazi joto hufika nyuzi 32 hata 33, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisipokauka halipozi mwili. Kwa hiyo kitu kisichokupa maji, kivuli au hewa lazima kijieleze kimefuata nini humu.

Tuanze na chupa, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa. Hii ya chuma ina kuta mbili, na hewa ya katikati imeondolewa. Kuipima ni rahisi: jaza maji na barafu, funga, subiri dakika 10, kisha pitisha kiganja kwa nje. Hii ya kijani ni kavu, ni nzima. Tazameni hii ya bluu, imetoka jasho mwili mzima. Hewa imeshaingia kati ya kuta, na kabla ya adhuhuri maji yatakuwa vuguvugu. Usiinunue hata kama rangi inapendeza. Mdomo uwe mpana, barafu ipite. Na mpira wa mfuniko uchomoe kwa ncha ya kijiko uuoshe. Ukungu mweusi hujificha chini yake, ndiyo ile harufu ambayo watu hudhani ni ya maji. Chupa ya lita moja inatosha, ukijaza tena njiani. Lita mbili ni kilo mbili mgongoni.

Kando ya chupa weka pakiti mbili za ORS, ile chumvi yenye sukari ya kurudisha maji mwilini. Soma maelezo: pakiti ya kawaida ni ya lita moja ya maji safi, yote kwa mara moja. Ukiikoroga kwenye nusu lita ili ipate ladha, chumvi inazidi na inaweza kukudhuru. Madafu ya pale bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, ni matamu na yana potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni ndogo. Kwa aliyeharisha, dafu halichukui nafasi ya ORS.

Losheni ya jua: chukua SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, ya 30 au 50. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza, 50 huzuia kama 98, kwa hiyo usilipe mara mbili kwa tofauti hiyo. Kinacholeta shida ni kipimo. Mwili mzima unataka kama mililita 30. Uso na shingo, mistari miwili kwenye vidole viwili, hivi. Paka kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili na ukitoka majini. Zile zenye zinki huacha weupe kama majivu kwenye ngozi nyeusi, basi jaribu kwanza mkononi, dukani hapo hapo. Na ngozi nyeusi nayo huungua, hasa ufukweni, kwa kuwa mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya mionzi juu, chini ya ukingo wa kofia. Dawa ya mbu ipakwe baada ya losheni, si kabla.

Kofia inueni kwenye taa. Hii ya ukili imejaa vitundu vya mwanga. Jua litapita vile vile. Hii ya kitambaa haipitishi, ukingo wake sentimita 8, ina kamba ya kidevuni. Bila kamba, upepo wa baharini utaichukua.

Kwetu sisi kitu bora kabisa mezani ni kanga. Moja tu, ya pili ya doti mpe mwenzako. Inafunika mabega na magoti mitaani, jambo ambalo wenyeji wanalithamini sana, inakuwa taulo, tandiko la boti, na ukiilowesha ukaizungushia shingoni inapoza haraka. Ila kanga mpya ina wanga, hainyonyi maji. Ifue mara mbili, peke yake, kwa sababu hutoa rangi.

Nguo ziwe pana, za kitani au pamba nyepesi. Viatu ni sendo zenye mkanda wa nyuma, zilizokwisha kuvaliwa wiki nzima nyumbani, kwa sababu Changuu mara nyingi unashuka majini. Ndara huchomoka mguuni kwenye maji, na raba zikilowa huleta malengelenge.

Pawabenki ya mAh 10,000 inatosha. Kwenye ndege ikae begi la mkononi. Soketi ni za pini tatu bapa. Mifuko ya plastiki ya dukani usije nayo: Zanzibar imeipiga marufuku tangu 2006, na Tanzania Bara tangu Juni 2019. Simu na pesa viweke kwenye mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo mara tatu. Ukikunja mara moja, maji yanaingia.

Begi lote, pamoja na maji, lisizidi kilo nne kwenye mizani. Likizidi, toa taulo kwanza.