Kompyuta ya Zamani ya Kuanza Kufufua Ukiwa Mbeya: Ipi Ununue Kwanza

Mtu akiniuliza anunue kompyuta gani ya zamani ajifunze kuifufua, humwambia achukue ile ambayo vipuri vyake atavipata huku huku Nyanda za Juu Kusini. Kongwe kuliko zote ina utamu wake, lakini ikikushinda mwezi wa kwanza utaifunika gunia na hutairudia.

Nafasi ya kwanza: kompyuta ya mezani ya Pentium III, au Pentium 4 za mwanzo

Hapa sisiti. Ni mashine za mwaka 1999 hadi 2003 hivi, zinaendesha Windows 98 au XP bila shida, na bisibisi moja inafungua karibu kila kitu. Ulizia kwa mafundi wa Mwanjelwa, na usiwapite wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopima kwa kilo.

Yangu niliitoa Mwanjelwa. Kijana aliyeniuzia alisema wazi, "Kaka, hii haiwaki, nisikudanganye." Nikaomba kufungua ubavu. Kando ya prosesa kapasita tatu (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme) zilikuwa zimevimba vichwani, pale penye mkato wa msalaba, na moja imetoa uchafu wa kahawia uliokauka. Nilifurahi kuziona. Kapasita nyingi za miaka ile zilijazwa kimiminika kibovu kinachozalisha gesi, na zikishavimba mashine inagoma kuwaka hata kama vingine vyote ni vizima. Tukapatana bei ya kitu kibovu.

Nilitafuta kapasita mpya za mikrofaradi 1000 kama za awali, volti 6.3 (ukizikosa panda volti, usishuke), zinazostahimili joto la nyuzi 105. Kabla ya kuchomoa ya zamani, chora kwenye karatasi mstari wa upande hasi umeelekea wapi; ukiigeuza mpya inaweza kupasuka. Niliyeyusha lehemu taratibu, tundu moja baada ya jingine. Usiku ule mashine ilipotoa ule mlio mfupi mmoja wa kuwaka, niliita nyumba nzima ije kuona.

Nyuma ya pawa saplai nyingi za aina hii kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka, umeshaiunguza.

Nafasi ya pili: kompyuta mpakato ya ThinkPad

Kama unaishi chumba kimoja na huna pa kuweka meza ya pili, chukua T42 ya 2004 au T60 ya 2006. Kibodi yake ni raha kuandikia hadi leo. T60 naipendelea kwa sababu inakubali diski za SATA, ambazo bado zipo madukani. Betri iliyokufa isikutishe, mradi inawaka kwa chaja. Ila chaja ya T42 ni ya volti 16 na ya T60 ni 20, usichanganye. Kikubwa zaidi: mbele ya muuzaji, iwashe na ubonyeze F1 kuingia kwenye mipangilio yake. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha. Nywila hiyo imehifadhiwa kwenye chipu, haifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya ndani.

Nafasi ya tatu: 386 na 486

Hizi ni za kabla ya Pentium. Nazipenda mno, lakini hazifai kuwa mashine ya kwanza. Ni adimu kwetu, na sababu mojawapo ni kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa hiyo miaka mingi hazikuingia kwa wingi. Ukiipata, angalia haraka betri yenye umbo la pipa dogo iliyolehemiwa kwenye mazabodi (bodi kuu). Ikivuja huacha ukungu wa kijani na kula njia za shaba. Ikate, sugua pale kwa siki kidogo, kisha safisha kwa spiriti. Njia zikiwa zimeshaliwa, muachie mwenye uzoefu.

Nafasi ya mwisho: Commodore 64

Kompyuta hii ya nyumbani ilitoka 1982, ina kilobaiti 64 za kumbukumbu, na lazima uiagize nje. Chagua ya Uingereza au Ujerumani, siyo ya Marekani, kwa ajili ya umeme na mfumo wa picha za runinga wa PAL. Adapta yake ya asili usiiamini kamwe, maana ikizeeka hupandisha volti na kuua chipu.

Skrini ya chogo inapendeza sana na mashine hizi. Inunue ikiwa inawaka na usiifungue, kwani ndani hufikia volti 20,000 na zaidi, na umeme hubaki humo hata ikiwa imechomolewa.

Na kwa wenzangu wa Tukuyu na Makete: mashine iliyokaa stoo yenye unyevu, iache wazi siku mbili au tatu kwenye chumba kikavu kabla ya kuichomeka.