Kisu kikishanolewa: ukipime makali kwa gazeti au kwa nyanya?

Kwanza kioshe, ukifute kikauke. Tope la jiwe la kunolea huharibu jaribio lolote.

Kwa gharama, gazeti la jana halina mpinzani. Shika ukurasa kwa juu, uache uning'inie, kisha pitisha kisu taratibu kuanzia karibu na mpini hadi kwenye ncha. Uzuri wake mkubwa ni kwamba linakuonyesha kasoro ilipo. Kisu kikikwama sentimita mbili kabla ya ncha, hapo pana pengo, au umebaki unyuzi mwembamba wa chuma uliopindia upande mmoja. Rudi kwenye jiwe, shughulikia hapo kwa mkono mwepesi. Karatasi ya daftari ni ngumu zaidi, hukatika kirahisi na kukupa matumaini ya bure.

Nyanya haikuonyeshi mahali pa kasoro, ila inajua kazi ya jikoni. Weka makali juu ya ganda, vuta bila kukandamiza. Kisu kilichosuguliwa kwa jiwe laini mno kinaweza kupasua gazeti vizuri kisha kikateleza kwenye ganda. Kilichoishia jiwe la namba 400, lenye chembe za kukwaruza zaidi, huliuma mara moja, ingawa gazeti hukichanikia. Na nyanya yenyewe haipotei, inaingia kwenye kachumbari.

Anayetoa minofu ya samaki alitegemee gazeti. Wa mboga za kila siku, nyanya inamtosha. Anayejifunza kunoa atumie vyote, aanze na gazeti. Kupitisha kidole kwenye makali simshauri yeyote.