Kuta za Nyumba za Mfano: Udongo Halisi au Kadibodi?

Anayeunda mandhari ndogo ya mapigano ya Mahiwa, kati ya Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yaliyotokea mkoani Lindi kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, hulazimika kuamua mapema kama nyumba za kijiji atazijenga kwa udongo halisi au kwa kadibodi. Udongo uliochekechwa kwa kitambaa, ukachanganywa na gundi nyeupe ya mbao na kukandikwa juu ya fito za njiti, hutoa ukuta wenye rangi ambayo rangi ya dukani haiigi kwa urahisi. Lakini husinyaa unapokauka, na ufa wa milimita moja, katika kipimo cha 1:35 (sentimita moja ya mfano ni sentimita 35 halisi), husimama badala ya ufa wa sentimita tatu na nusu. Ufa huo unaifaa nyumba iliyopigwa na mzinga, si ya jirani iliyosalimika. Kadibodi hukatika kwa usahihi, ila hujipinda kwa unyevu wa pwani yetu isipopakwa vanishi pande zote mbili. Kwa kipimo cha 1:72, ambapo mlango wa mita 1.8 huwa sentimita 2.5 tu, ningechagua kadibodi bila kusita. Kwa 1:35, udongo. Paa, kwa vyovyote vile, liezekwe kwa nyuzi za katani, kwani nyasi halisi ni nene mno.